Kodi ya kidijitali Uingereza: kwa aliyejiajiri na kwa mwenye nyumba ya kupangisha, hata kama nyumba iko Kimara

Tangu tarehe 6 Aprili 2026, mamlaka ya kodi ya Uingereza, HMRC, imeanza kuwataka watu waliojiajiri na wenye nyumba za kupangisha watunze hesabu zao kwa programu ya kompyuta au ya simu, na wapeleke muhtasari wa hesabu hizo kila baada ya miezi mitatu. Mpango huo unaitwa Making Tax Digital. Ulitangazwa mwaka 2015, ukaahirishwa mara kadhaa, ukatangulia kwenye VAT mwaka 2019, na sasa umefika kwenye kodi ya mapato ya mtu binafsi. Walioanza ni wale ambao mapato yao ghafi yanazidi paundi 50,000 kwa mwaka. Tarehe 6 Aprili 2027 wataingia wanaozidi paundi 30,000, na mwaka 2028 kiwango kitashuka hadi paundi 20,000.

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, na sehemu kubwa ya ninaowahudumia ni Watanzania na Wakenya wanaoishi huku: madereva wa teksi, wapishi wa shughuli, wasusi, mafundi, na watu walioajiriwa kwa mshahara lakini wana nyumba moja au mbili wanazopangisha. Karibu kila anayenipigia simu kuhusu jambo hili huanza kwa kuuliza anunue programu gani. Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. La kwanza ni kama unahusika, na hapo ndipo watu wengi wanapopiga hesabu isiyo sahihi, kwa sababu wanaangalia faida ilhali sheria inaangalia mauzo.

Kinachohesabiwa ni jumla ya fedha zilizoingia kutokana na kazi yako binafsi na kutokana na pango, kabla ya kutoa gharama yoyote. Dereva anahesabu nauli kabla ya kampuni ya programu ya teksi kukata kamisheni yake. Mwenye nyumba anahesabu pango lote alilolipa mpangaji, si kile kilichofika benki baada ya wakala wa nyumba kuchukua chake. Mshahara unaokatwa kodi na mwajiri haumo, gawio la hisa halimo, pensheni haimo, na sehemu yako ya faida katika biashara ya ubia kwa sasa haimo. Mwenye kampuni iliyosajiliwa naye hahusiki kwa mapato ya kampuni hiyo, ingawa akiwa na nyumba ya kupangisha kwa jina lake mwenyewe, pango lake linahesabiwa.

Mchukue dereva wa teksi anayeishi Coventry. Nauli zake za mwaka ni paundi 39,000, na akishatoa mafuta, bima, matengenezo na kamisheni anabaki na kitu kama paundi 21,000. Yeye na mkewe wanamiliki kwa pamoja nyumba inayopangishwa kwa paundi 1,100 kwa mwezi, yaani paundi 13,200 kwa mwaka, na nusu yake ni paundi 6,600. Ana pia nyumba Kimara, Dar es Salaam, inayomwingizia shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Hizo ni shilingi milioni 18 kwa mwaka, na tukichukulia paundi moja kuwa shilingi 3,400 tunapata takriban paundi 5,294. Jumlisha: paundi 50,894. Mtu huyu, ambaye ukimuuliza atakuambia kipato chake hakifiki hata elfu thelathini, yumo katika kundi la kwanza kabisa, na kilichomvusha mstari ni nyumba ya Kimara.

Hapa watu hunikatiza. Wanasema nyumba ya Dar es Salaam au ya Nairobi inalipiwa kodi huko huko, na fedha zake haziji Uingereza. Zinasomesha watoto wa ndugu au zinamalizia ujenzi mwingine. Zamani hoja hiyo ilikuwa na mashiko kwa baadhi ya watu, kwa sababu waliotambuliwa kuwa makazi yao ya asili ni nje ya nchi waliweza kuomba watozwe kodi kwa kile tu walichokiingiza Uingereza. Utaratibu huo ulifutwa tarehe 6 Aprili 2025. Sasa mkazi wa Uingereza anatakiwa kutaja mapato yake yote ya dunia nzima, hata kama hayajawahi kutoka kwenye akaunti ya benki ya Tanzania. Nafuu iliyobaki ni kwa mgeni aliyehamia baada ya kuwa nje ya Uingereza miaka 10 mfululizo, ambaye anaweza kuomba msamaha wa mapato ya nje kwa miaka minne ya mwanzo. Naye lazima auombe kwenye ritani yake, yaani fomu ya kodi ya mwaka, hauji wenyewe.

Hilo halina maana ya kulipa kodi mara mbili. Kodi uliyokwisha kulipa kihalali kwa TRA au KRA juu ya pango lile lile huweza kupunguzwa kwenye kodi ya Uingereza, mradi isizidi kodi ambayo Uingereza ingetoza juu ya pango hilo. Kenya ina mkataba na Uingereza wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Tanzania haina, lakini sheria ya Uingereza yenyewe inaruhusu punguzo hilo hata pasipo mkataba. Unachohitaji ni ushahidi wa malipo, na hapo ndipo ndugu aliyebaki nyumbani anapokuwa mtu muhimu katika hesabu zako kuliko mhasibu.

Kwa kawaida nyumba ya kule inasimamiwa na mdogo wako, au shangazi, au rafiki wa kuaminika, na hesabu zake zinaishi kwenye WhatsApp. Ujumbe unakuja hivi: «Dada shikamoo. Mpangaji wa nyumba ya mbele kalipa, nimetoa ya fundi bomba, iliyobaki nakurushia kesho.» Kesho yake inaingia shilingi 1,300,000, na dada anaandika kwamba mwezi huo pango ni shilingi 1,300,000. Kwa mujibu wa kanuni, pango la mwezi huo ni shilingi 1,500,000, na shilingi 200,000 za fundi bomba ni gharama inayoandikwa kwenye mstari wake, pamoja na tarehe yake. Tofauti hiyo haibadilishi faida hata kwa shilingi moja, lakini inabadilisha jumla inayoamua kama umevuka kiwango. Zaidi ya hapo, gharama isiyo na karatasi ni ngumu kuitetea siku ukiulizwa. Mwombe anayekusimamia nyumba akutumie kila mwezi mambo matatu kwa picha: uthibitisho wa fedha alizopokea, risiti ya kila alichokitoa, na stakabadhi ya kodi iliyolipwa. Anayenunua vifaa Tanzania anajua kudai risiti ya mashine ya EFD, na Kenya ankara ya eTIMS imekuwa jambo la kawaida, kwa hiyo ombi hilo si geni kwao; ugumu upo zaidi katika aibu ya kumwomba ndugu hesabu. Wengi wanaona ni kama kumtuhumu. Ushauri wangu ni kumweleza wazi kwamba ni serikali ya huku inayotaka, na kwamba karatasi hizo zinamlinda yeye pia.

Kuhusu kubadilisha fedha, HMRC huchapisha viwango vya kila mwezi na vya wastani wa mwaka. Chagua njia moja inayofaa na ushikamane nayo. Mtindo wa kutumia kiwango cha juu mwezi huu na cha chini mwezi ujao, kwa kufuata kinachokupendeza, hauwezi kutetewa mbele ya mkaguzi.

Baada ya kujua kwamba unahusika, ni vizuri kufahamu kinachopelekwa hasa, maana hofu nyingi zinatokana na kufikiria kwamba serikali itaona kila risiti. Haioni. Aliyezoea EFD ya Tanzania, ambapo taarifa za mauzo zinafika kwa mamlaka kutoka kwenye mashine yenyewe, atashangaa kwamba Uingereza inaomba kidogo zaidi: jumla tu kwa kila fungu, yaani mapato yote ya kipindi, na gharama kwa mafungu yake, kama vile usafiri, matengenezo, bima au ada za kitaalamu. Biashara yenye mauzo yasiyozidi paundi 90,000 kwa mwaka inaruhusiwa hata kupeleka mapato kwa jumla na gharama kwa jumla, bila kuzigawa. Risiti zenyewe zinabaki kwako, na hazilazimiki kuwa picha. Za karatasi zinakubalika, ingawa zile zinazochapwa kwenye karatasi ya joto hufifia zikawa nyeupe kabla ya mwaka kwisha, na kwa sababu hiyo peke yake ningepiga picha.

Vipindi ni vinne. Cha kwanza kinakwisha tarehe 5 Julai na taarifa yake inatakiwa kabla ya tarehe 7 Agosti kupita. Cha pili kinakwisha tarehe 5 Oktoba, mwisho wa kutuma tarehe 7 Novemba. Cha tatu tarehe 5 Januari, mwisho tarehe 7 Februari. Cha nne tarehe 5 Aprili, mwisho tarehe 7 Mei. Anayeona taabu kukata mwezi katikati anaweza kuchagua, kabla ya kutuma taarifa ya kwanza, vipindi vinavyoishia siku ya mwisho ya mwezi, kuanzia tarehe 30 Juni, na siku za mwisho za kutuma zinabaki zile zile. Mimi napendekeza hivyo kwa karibu kila mwenye nyumba, kwa sababu taarifa za benki na za wakala zinafuata mwezi.

Taarifa hizi ni za kujumlisha: ya pili inabeba miezi sita tangu mwaka wa kodi uanze, ya tatu miezi tisa. Kwa hiyo kama ulisahau risiti ya Mei, unaiingiza kwenye hesabu zako, na taarifa inayofuata itakuwa imejirekebisha. Wala hulipi kodi kila robo mwaka. Siku za kulipa zimebaki tarehe 31 Januari na tarehe 31 Julai kama zamani, na tarehe 31 Januari ndiyo pia mwisho wa ritani ya mwaka, ambayo sasa inapelekwa kupitia programu. Katika ritani hiyo ndimo yanamoingia mambo mengine yote: mshahara, riba ya benki, punguzo la kodi ya nje, na nafuu ya asilimia 20 ya riba ya mkopo wa nyumba, ambayo kwa nyumba za makazi haihesabiwi tena kuwa gharama ya kawaida. Nimeona wenye nyumba wengi wakiiweka riba hiyo kwenye matengenezo au kwenye gharama nyinginezo. Programu haitawazuia, itaikubali tu.

Kila chanzo kina taarifa yake. Yule dereva wa Coventry ana tatu: ya teksi, ya nyumba ya Uingereza, na ya nyumba ya nje, kwa sababu nyumba zote za Uingereza ni biashara moja na zile za nje ni biashara nyingine, na hasara ya moja haipunguzi faida ya nyingine. Ana taarifa 12 kwa mwaka, na ritani juu yake. Ukisikia hivyo unaweza kukata tamaa, lakini mtu ambaye kumbukumbu zake zimo tayari hubofya mara chache akamaliza. Mzigo wote uko kwenye kumbukumbu.

Kumbukumbu moja ni kitu kidogo sana. Sheria inataka tarehe, kiasi na fungu: tarehe 14 Juni, paundi 52.40, mafuta ya gari. Basi. Muuza duka la rejareja anaweza kuchagua kuandika jumla ya mauzo ya siku kwa mkupuo mmoja badala ya kila mteja, jambo linalomfaa sana mwenye genge la vyakula au saluni yenye wateja wa kupita. Kinachoua watu ni kuchanganya. Akaunti moja ya benki inapokea mshahara, nauli, pango, mchango wa harusi na mchezo wa kina mama, na kutoka humo humo inalipwa bima ya gari, karo ya shule na nyama ya wikendi. Mwisho wa robo mwaka mtu anakaa na kurasa za benki akijaribu kukumbuka kwamba zile paundi 300 za tarehe 9 zilikuwa za kupika kwenye arusi ya Leicester au zilikuwa zamu yake ya kupokea mchezo. Fungua akaunti ya pili. Si lazima iwe ya biashara yenye ada, ingawa uangalie masharti ya benki yako. Kinachohitajika ni kwamba kila kinachoingia humo kiwe mapato ya kazi au ya pango, na kila kinachotoka kiwe gharama yake. Mpishi mmoja wa shughuli ninayemtunzia hesabu alifanya hivyo mwanzoni mwa mwaka, na sasa maswali ninayomuuliza kila mwezi yanatosha kwenye ujumbe mmoja wa simu.

Fedha taslimu zinahitaji nidhamu yao. Iandike siku ile ile, kwa simu, kabla haijageuka vocha na nauli.

Sasa programu. HMRC haitoi programu yake yenyewe ya kutunzia hesabu. Inaweka kwenye tovuti yake orodha ya zile zinazokubalika, na humo zimo za bure kwa wenye hesabu nyepesi. Zipo programu kamili zinazojiunganisha na benki na kuvuta miamala, na zipo ndogo zinazochukua lahajedwali lako na kulituma kwa HMRC. Usimdharau mwenye lahajedwali la Excel lililopangwa vizuri. Anaweza kuendelea nalo, mradi jumla zake zisafiri kwa njia ya kidijitali hadi kwenye programu inayotuma taarifa. Kunakili kwa mkono takwimu kutoka karatasi moja hadi nyingine ndiko kunakokatazwa. Kabla ya kulipia, uliza mambo yanayokuhusu wewe: je, inashughulikia nyumba za nje ya nchi, maana si zote zinafanya hivyo, inaweza kutuma ritani ya mwisho wa mwaka au taarifa za robo tu, na je, mhasibu wako anaweza kuingia humo. Tangazo la bei ya chini mara nyingi ni la miezi ya mwanzo.

Wanandoa wanaomiliki nyumba pamoja kila mmoja anahesabu sehemu yake, na kila mmoja anapimwa peke yake, hivyo mume anaweza kuhusika na mke asihusike. Kuna nafuu kwao: wanaweza kupeleka mapato tu kila robo na kuacha gharama za nyumba ya pamoja hadi mwisho wa mwaka.

Kwa wanaosubiri mwaka 2027, jambo la kuzingatia ni kwamba kitakachoangaliwa ni ritani ya mwaka wa kodi 2025/26, ile ambayo mwisho wake wa kuwasilishwa ni tarehe 31 Januari 2027. Kwa maneno mengine, mwaka utakaowaingiza umekwisha pita, na takwimu zake zinajulikana. Jumlisha leo. HMRC huwaandikia barua wale inaowaona wamevuka kiwango, lakini wajibu hautegemei kupokea barua. Wengi wamehama nyumba bila kubadilisha anwani, na barua zao zinafunguliwa na wapangaji waliofuata. Ukishaingia hutoki kwa mwaka mmoja mbaya: mapato yanatakiwa yawe chini ya kiwango kwa miaka mitatu mfululizo, au uache kabisa biashara na upangishaji.

Adhabu zimepangwa kwa pointi. Kila tarehe ya mwisho unayoikosa ni pointi moja, na ukifikisha nne unatozwa paundi 200, kisha paundi 200 nyingine kwa kila kuchelewa kunakofuata. Kwa walioanza Aprili 2026, serikali ilitangaza kwamba taarifa za robo mwaka zitakazochelewa katika mwaka wa 2026/27 hazitaleta pointi. Msamaha huo hauhusu ritani ya mwaka wala kuchelewa kulipa kodi yenyewe, na nimeshasikia watu wakiusimulia kana kwamba mwaka mzima ni likizo.

Wako wanaoweza kuomba kuachwa kabisa: ambao kwa umri, ugonjwa, ulemavu, mahali wanapoishi au imani ya dini hawawezi kutumia vifaa hivi. Mzee wa miaka 78 ambaye macho yamefifia na pango la nyumba yake ndilo linalomtunza ana hoja ya kweli, na anaweza kuomba kwa simu au kwa barua, au mtu mwingine akamwombea. Hata hivyo, kutopenda kompyuta, kuwa na miamala michache, au kulalamikia gharama hakukubaliwi kuwa sababu. Kama una mzazi wa namna hiyo, mwombee mapema, kabla ya Aprili ya awamu inayomhusu, kwa sababu hadi jibu litoke wajibu wake haujaondoka.

Jambo la mwisho ni la kijana wa nyumbani. Katika familia nyingi yeye ndiye anayetuma ritani ya baba au ya mama, kwa kutumia nywila ya mzazi. Utaratibu mpya unaruhusu uwe na mhasibu mkuu na wasaidizi, wasaidizi wakituma taarifa za robo mwaka na mkuu ritani ya mwaka, lakini hao ni mawakala waliosajiliwa na kuidhinishwa. Kijana anayetaka kuendelea kumsaidia mzazi bila malipo anaweza kutafuta kwenye akaunti ya HMRC njia ya kutambuliwa kuwa msaidizi wa kuaminika, ila kabla ya kumwahidi mzazi chochote ahakikishe kwamba njia hiyo inaifikia kazi anayotaka kuifanya na kwamba programu waliyoichagua inaikubali.